Wivu Wangu kwa Mpiga Ngoma wa Nyundo Jazz

Kuna Jumapili moja ambayo akili yangu haitaki kuiacha ipumzike, mwanangu. Mvua ilikuwa imekatika saa sita mchana, vumbi jekundu la Kikula, mtaa wetu wa Likasi, limegeuka tope, na sisi tulikuwa tumebeba ngoma vichwani kuelekea ukumbi wa parokia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Siku ile nilipiga ngoma vizuri kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, na siku ile ile nilikosa kitu nilichokuwa nakitaka kuliko vyote.

Usinicheke kwa kuwa najiweka kwenye kiti cha wazee. Hamsini sijafika. Lakini umri wa mtu hupimwa pia kwa njia alizopita, na mimi nimelala Kolwezi, Kasumbalesa, Kitwe, Ndola, kisha Kakanda, na kila mahali niliacha shati moja na jina baya kidogo. Mguu wangu haujui kukaa. Basi mtu aliyetembea hivyo ana ruhusa ya kumwambia kijana anayetoka mlangoni: pale mbele kuna shimo, mimi nililala humo.

Nyundo Jazz ilikuwa bendi ya watu kumi na wanne. Tarumbeta nne, tromboni tatu, saksofoni nne, gitaa, besi, na ngoma. Karibu wote walikuwa wafanyakazi wa karakana na viwanda, Wakatoliki waliojifunza kupuliza shaba katika fanfari ya parokia, watu wa makabila yote ambayo reli na machimbo yaliyakusanya Likasi. Aliyeianzisha ni Papa Sylvestre, fundi wa kuchonga vyuma, mwanamume mfupi mwenye mabega mapana. Yeye alikuwa mpiga ngoma. Bendi nyingine zina kiongozi anayesimama mbele na kutabasamu kwa watu. Kwetu aliyekaa nyuma kabisa, kwenye kiti cha ngoma, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wote. Papa Sylvestre alisema anayesimama mbele haoni migongo ya watu wake, na mgongo haujui kusema uongo.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwaka ule tulijua sote kwamba atamwachia mtu kile kiti, na wa kuachiwa tulikuwa wawili tu: mimi na Déo.

Déo alikuwa rafiki yangu, na hili nalisema mapema, maana hatumwonei wivu mtu tusiyemjua. Walikuja kutoka Kapolowe yeye na mama yake, aliyeuza samaki wakavu sokoni, akaingia darasa letu akiwa na kaptula ya kaka yake. Darasa la pili la sekondari aliacha masomo. Mimi niliendelea hadi nikapata diploma ya Serikali, nikajua kusoma nota za do-re-mi kama mtu asomavyo barua. Nilimwita Mutoto ya Samaki. Yeye aliniita Profesa. Tulikula bukari, ugali wetu, sahani moja, na kila mara nilihakikisha nimemaliza kabla yake. Unaona? Hata mdomoni nilikuwa nashindana.

Sasa ile Jumapili. Papa Sylvestre aliamua kila mmoja wetu apige nusu ya dansi. Mimi nilianza. Mwanangu, mikono yangu ilikuwa moto! Niliyapiga matoazi mpaka kina mama waliokuwa wakiuza mikate mlangoni wakaacha sinia zao. Vijana walipanda juu ya viti. Mtu mmoja alipiga kelele, "Profesa, unatuua!" nami nikaongeza mwendo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilitia mto Lufira mzima. Nusu ya pili akakaa Déo. Alipiga kama mtu anayetembea na mama yake kutoka kanisani. Hakuna aliyepanda juu ya kiti. Watu walicheza tu, wazee kwa vijana, hadi mwisho, na mimi pembeni nilikuwa nikijipepea kwa kofia, nikiwa na hakika kama mtu aliyeshapewa.

Kitu kimoja sikukiangalia. Papa Sylvestre hakukaa karibu nasi. Alikaa karibu na Tonton Fidèle, mpiga tarumbeta wa kwanza, mtu mzima ambaye pumzi yake ilikuwa imeanza kuwa fupi.

Jumatatu tukaitwa nyumbani kwake. Mkewe, Mama Véro, alikuwa akipuliza mkaa wa mbabula, jiko letu, uani, akatuonyesha viti.

"Weye," Papa Sylvestre akaniambia, "iko na mikono ya moto. Mikono kama ile sijaona."

Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Ndani nilikuwa nikicheza.

"Jana, weye ukiwa ku ngoma, Fidèle alikosa nota ya juu mara ngapi?"

"Mara mbili, Papa. Muzee pumzi imeisha."

"Na Déo akiwa ku ngoma, alikosa mara ngapi?"

Nikatazama mkaa wa Mama Véro.

"Hata moja. Fidèle njo ule ule, pumzi njo ile ile." Akauchukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akautuliza mapajani. "Déo alimungojea. Weye ulimukimbia. Mutu ya kukimbia batu yake, nitamupa batu kumi na tatu afanye nabo nini?"

Akampa Déo vijiti vya ngoma. Déo akavipokea kwa mikono miwili, akanitazama, na machoni mwake niliona kitu kilichonikasirisha kuliko kama angenicheka: alikuwa ananihurumia.

Maneno ya Papa Sylvestre yalikuwa wazi kama maji ya kisima. Mimi nikayachafua mwenyewe. Nikajiambia amempa Déo kwa sababu mama yake huwaletea samaki. Nikajiambia wazee wanawapenda watu wasiosoma, maana hawaulizi maswali. Nikajiambia Tonton Fidèle ametumwa kukosa zile nota makusudi! Mwenye wivu hakosi sababu. Akikosa za kweli hutengeneza nyingine, na zake huwa nzuri kuliko za kweli.

Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijua nota, mimi ndiye niliyekuwa mtunza daftari. Lilikuwa daftari nene la jalada jeusi. Ndani yake Papa Sylvestre alikuwa ameandika, kwa mkono wake na kwa miaka mingi, nyimbo zote za Nyundo Jazz: sehemu ya kila tarumbeta, kila tromboni, kila saksofoni. Nakala nyingine haikuwepo. Kabla ya kila mazoezi nilinakili kurasa zilizohitajika na kuwagawia watu.

Siku kumi kabla ya jubilei ya padri wetu mzee, jubilei ambayo mji mzima uliisubiri, na ambayo Déo angeongoza kwa mara ya kwanza, nililitia daftari ndani ya mfuko wa nguo nikapanda lori la Lubumbashi. Ilikuwa asubuhi, watu wakienda kazini. Sikujificha. Hata niliwapungia mkono wawili watatu. Bila daftari, nilijiambia, Déo ni mvuvi asiye na wavu. Acha jubilei ifike, acha wasimame mbele ya padri na vyuma vyao vitupu, ndipo watakumbuka nani alikuwa nani.

Nilikaa Lubumbashi wiki tatu nikingoja habari za aibu yao. Habari ikaja kwa mpiga tromboni mmoja niliyekutana naye njiani. Hakuna aliyekuwa amewaambia watu kwamba mimi ndiye mwizi, kwa hiyo alinisimulia kwa furaha, akidhani nimesafiri tu kutafuta kazi. Kumbe Déo alimwita kila mtu peke yake. Alikaa naye uani kwa Papa Sylvestre, vijiti vikigonga mapajani, akamwambia apige anachokumbuka. Mtu akifika mahali amesahau, Déo alimwimbia. Alizijua sehemu zote kumi na tatu. Miaka yote alipokuwa akibeba ngoma na kukaa nyuma akisubiri zamu, alikuwa akisikiliza. Siku ya jubilei walipiga nyimbo nne tu, wakazirudia na kuzirudia, na padri akacheza na kanzu yake.

"Profesa, ungekuwepo ungelia," akaniambia yule wa tromboni.

Nililia kweli, lakini si kwa alichofikiri.

Hapo ungetegemea mtu mwenye akili angerudi. Daftari la watu kumi na watatu lingenifaa nini mimi mmoja? Huko Kitwe nilipiga ngoma katika kikundi cha watu watatu, na mmoja wao alikuwa amelewa kila siku. Nilijaribu kuwafundisha ukurasa wa kwanza. Mpiga kinanda akauliza, "Na hawa wengine wote wako wapi?" Nikafunga daftari. Lakini sikulirudisha. Nilikuwa nikihama nalo mji hadi mji, likilala chini ya godoro langu, na kila nilipohisi kwamba mimi si mtu nililigusa. Angalau alichokosa yeye ninacho mimi. Hiyo ndiyo mali ya mwenye wivu, mwanangu.

Na Déo alipanda. Loo, alipanda! Kila mtu aliyetoka Likasi alikuwa na habari zake mdomoni kama pipi. Nyundo Jazz wamepiga Lubumbashi katika ukumbi mkubwa. Déo amewachukua wasichana wawili, sasa wanapuliza tromboni kuliko wanaume. Nyundo Jazz wameitwa Kinshasa, wamepanda ndege. Ndege! Déo wa Kapolowe, aliyekuwa akitapika ndani ya lori hata kabla ya kutoka mjini. Niliuliza kila mtu habari zake, na kila jibu lilinichoma, na kesho yake niliuliza tena. Kuna watu wanaokwaruza kidonda ili kujua kama bado kinauma. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo ile sikuwa tayari kuivua.

Alasiri moja huko Kasumbalesa, ambako nilikuwa karani wa malori yanayongoja kuvuka mpaka, redio ya mwenye duka ikaanza wimbo ninaoujua. Ulikuwa wimbo wa Papa Sylvestre kuhusu mke wa mchimbaji anayesikiliza honi ya kiwanda. Nilijua ni wao kabla mtangazaji hajasema. Nikakimbia chumbani, nikatoa daftari, nikarudi nalo nikaketi juu ya kreti ya soda, kidole juu ya ukurasa, nikiwafuata. Nilitaka kuwakuta wamekosea.

Mistari minne ya kwanza ilikuwa ile ile. Mstari wa tano tarumbeta haikupanda pale ilipoandikwa. Ilishuka, taratibu, saksofoni zikaipokea kutoka chini, na mwenye duka, mtu asiyejali muziki, akaacha kuhesabu mifuko yake ya sukari. Kidole changu kikabaki peke yake juu ya karatasi. Nikafungua ukurasa wa pili, hawakuwamo. Wa tatu, hawakuwamo. Walikuwa wamekwenda mahali ambapo daftari halikufika.

Nilipaswa kufurahi kwa uzuri ule. Nilikaa pale nikitafuta neno la kusema vibaya, nikalipata: "Wameharibu." Mwenye duka akaniangalia tu.

Mwaka wa kumi na moja ukafika na ujumbe kwenye simu: Papa Sylvestre ametutoka. Nikaomba ruhusa, nikalifunga daftari ndani ya plastiki, nikapanda gari. Njia nzima, tangu Lubumbashi hadi tulipopita njia panda ya Kapolowe, nilijiambia naenda kumzika mwalimu wangu. Usiniamini sana. Bendi za kwetu zina desturi: mkubwa wao akifa, siku ya kilio hupiga nyimbo zake bila ngoma. Ngoma huletwa, hupangwa mahali pake, na hakuna anayeigusa, maana mkono wake haupo. Mimi nilikuwa naijua desturi ile. Nilijua kwamba siku hiyo Déo hatakuwa na vijiti. Watu kumi na watatu, nyimbo nzito, hakuna wa kuwashikia mwendo. Siku hiyo, nikawaza, kila mtu ataona.

Nikafika Kikula saa tisa alasiri. Kina mama walikuwa juu ya mikeka, wanaume kwenye viti vya kukodi, turubai imefungwa kati ya miembe miwili na nguzo ya umeme. Ngoma za marehemu zilikuwa pale, kitambaa cheupe juu ya kiti. Bendi ikasimama. Wengi niliwafahamu, wamenenepa au wamekonda. Tonton Fidèle amekuwa mdogo kama mtoto wa komunyo, tarumbeta yake ikionekana kubwa kuliko yeye. Déo akatoka akasimama kando ya ngoma, mikono nyuma ya mgongo, shati jeupe. Hakuhesabu kwa sauti. Alivuta pumzi tu, mabega yakapanda, na wote wakavuta pamoja naye.

Wakaanza.

Mimi nilikuwa nyuma, nimeegemea kipupa, ukuta wa nyumba. Mguu wangu wa kulia ukaanza kugonga chini, ukipima. Sasa wataachana, nikawaza. Hawakuachana. Ngoja sehemu ya pili, tromboni hukimbia daima pale. Hazikukimbia. Ngoja Fidèle afike juu, pale hakuna wa kumsaidia. Fidèle akafika mahali pake, akapiga ile nota waliyomshushia, ikawa nzima, mviringo, ikakaa juu ya turubai muda mrefu, na watu kumi na wawili wakamngojea bila mtu kuwaambia. Ngoma ilikuwa kimya, lakini mwendo haukupungua hata kidogo. Déo alikuwa amemweka kila mmoja ngoma yake kifuani.

Kina mama wakaanza kulia kwa sauti. Mimi mguu wangu bado ulikuwa unagonga.

Walipomaliza nilikwenda kwa Mama Véro, nikapiga magoti kando ya mkeka wake.

"Pole, Mama."

"Pole yako iko mu muguu?" akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. "Nilikuwa nakuangalia pale ku kipupa. Batu beko balia, weye muguu: ta, ta, ta. Ulikuja kulia ao ulikuja kupima?"

Wanawake wawili waliokuwa karibu wakatazama upande mwingine. Nikatoa plastiki, nikamwekea daftari mapajani. Alilifungua. Hajui nota, lakini mwandiko wa mumewe aliujua. Akapitisha kiganja juu ya ukurasa kama mtu anayepangusa makombo mezani.

"Unajua alikuwa anaomba hii kitabu?" akaniuliza polepole. "Kisha ugonjwa kumupiga mara ya pili, mudomo ilimushinda, mukono ilikufa. Alibakia na maneno kidogo. Kila Jumapili, Siku ya Mungu: 'Kitabu. Leta kitabu.' Alikuwa anataka kuona tu mukono yake vile ilikuwa inaandika zamani."

"Mama, na mulimwambia nini?"

"Minye nilikuwa nataka kumwambia kweli. Déo alikataa. Aliniambia, 'Mama, usiue muzee mara mbili, anamupenda Profesa.' Njo akaenda mbele yake, akasema: 'Papa, ni minye nilipoteza, mvua ililowesha, nisamehe.' Ee, mutoto yangu! Muzee alimutukana ule Déo mpaka siku ya kufa. Mambo yote Déo anafanya, Kinshasa, ndege, muzee anasema: 'Mujinga, ulipoteza kitabu yangu. Kiti ningemupa ule mwingine. Ule wa kusoma. Ule angeichunga.'"

Hebu simama hapa kidogo pamoja nami, mwanangu. Miaka kumi na moja nilitaka neno moja kutoka katika kinywa cha mtu yule: kwamba alikosea, kwamba kiti kilikuwa changu. Na alilisema. Alilisema kila Jumapili, mbele ya mashahidi. Alilisema kwa sababu ya wizi wangu, akalikazia juu ya kichwa cha mtu asiye na kosa, na yule mtu akainama akalibeba. Nikapata nilichotaka, na kilikuwa kimeoza.

Na nikuambie jambo baya zaidi? Hata pale, magotini, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa majuto. Kilikuwa wivu. Hata kwa wema alinipita!

Déo alinikuta nyuma ya nyumba, nimekaa juu ya tofali. Akaketi juu ya lingine. Nywele zimeanza kumwacha, nikafurahi kidogo kuona hivyo. Alikuwa ameshika daftari, akalifungua katikati, akakunja uso.

"Profesa, nisomee hapa. Fidèle alikuwa anapanda mpaka wapi?"

Nikamwonyesha.

"Mpaka huku?" Akacheka, akiziba mdomo kwa sababu ya kilio. "Mungu wangu. Alikuwa na pumzi ya treni. Shiye tulishusha, maana meno yake mbili zilitoka."

"Déo, nilikuibia."

"Ee. Nilikuona ku lori. Ulinipungia mukono."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa na kasirani. Mwaka muzima. Kisha kazi ikakuwa mingi." Akafunga daftari. "Hii nitamuachia Mama. Yeye njo mwenyewe. Jumamosi tuko na mazoezi. Ngoma nitakuwa napiga minye, usianze kuota. Lakini maraka haina mutu."

Maraka, mwanangu! Kibuyu chenye mbegu. Mimi, Profesa, mwenye mikono ya moto, nisimame pembeni nikitikisa kibuyu nyuma ya Mutoto ya Samaki. Nilikataa. Nikaenda Kakanda, nikakaa huko miaka mitatu, nikiandika majina ya magari yanayobeba mawe. Mtu hukataa dawa kwa sababu ya mkono unaoitoa, ingawa wahenga walishasema baniani mbaya kiatu chake dawa, na huyu hata mbaya hakuwa. Siku moja nilipita Likasi kwa shughuli nyingine, ikawa Jumamosi, nikasikia mazoezi kutoka barabarani. Nilisimama nje ya ukuta mpaka wakamaliza wimbo mmoja. Katika wimbo ule kulikuwa na mahali patupu, pale maraka hukaa. Sijui kama wengine walipasikia. Mimi nilipasikia. Nikaingia, nikaokota kibuyu mezani, na hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi.

Tangu siku ile nipo. Si kila mwezi, maana mguu wangu ni ule ule, lakini narudi. Wivu nao upo. Mwaka jana walimpigia Déo makofi wakiwa wamesimama, nami nilisimama pia, na hapa kifuani kitu kikajikunja kama zamani. Baada ya dansi nikamwambia, kwa kuwa nilichoka kukibeba peke yangu: "Déo, mimi bado nakuonea wivu."

"Najua," akajibu, akifuta matoazi. "Hata maraka yako inanisengenya. Lakini inanisengenya mu tempo. Hiyo inatosha."

Sasa sikiliza, wewe unayepiga ngoma na kujitazama kwenye simu, ukihesabu nani ametazamwa zaidi yako. Sikuambii usione wivu. Anayekuambia hivyo hajawahi kukaa karibu na mtu anayemzidi. Nakuambia hivi: wivu ukikujia, usiupe safari. Kaa pale pale ulipo, karibu na yule mtu, umsikilize anavyofanya. Mimi niliukimbiza wivu wangu katika miji sita na nchi mbili, na kila nilikofika uliniandalia kitanda. Usichukue kitu cha mwenzako ukidhani ukubwa wake umo ndani ya kitu hicho. Nilichukua daftari, na Déo akabaki na watu. Hujui pia unamwibia nani. Mkono wangu ulimlenga rafiki, ukampata mzee kitandani, anayeomba kuuona mwandiko wake, na yule sitaweza kumrudishia chochote. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ukiwa na mikono ya haraka, mshukuru Mungu, kisha mtazame mwenye pumzi fupi kuliko wote katika bendi yako, umpigie yeye. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, lakini inayomngojea mtu hudumu. Na ukipewa kibuyu wakati ulitaka kiti, kitikise vizuri. Mahali pako padogo pakiwa patupu, wimbo unajua.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono yenye nguvu, na masikio makubwa kuliko mikono. Akupe walimu wakali na jioni ndefu za mazoezi. Akupe, mapema maishani, rafiki mmoja anayekuzidi, na akupe moyo wa kukaa karibu naye mpaka mzeeke wote wawili.